Azimio la Jumapili linapofika Jumatatu

"Nataka kuwa mnyenyekevu" bado ni hamu tu, haijawa azimio. Jiulize usiku kama umelitimiza, hutapata jibu la ndiyo wala la hapana. Pengo kati ya hamu ya Jumapili na maisha ya Jumatatu linaanzia hapo, na kuongeza mkesha au siku za kufunga hakulizibi, maana kiu ipo tayari. Kinachokosekana ni tendo.

Kulipata tendo hilo natumia mpangilio wa Waefeso 4:28. Paulo hamwambii mwizi aache kuiba, basi. Anamtaka asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Kuna la kuacha, kuna la kushika mahali pake, na kuna mtu atakayefaidika. Aya ya 29 inaupa ulimi mpangilio uleule. Wengi tunaishia kwenye kuacha, tukabaki na ile nyumba ya Mathayo 12, iliyofagiwa na kupambwa lakini tupu, na pepo aliyetoka anarudi na wenzake saba.

Tuchukue usengenyaji. Kwenye daftari siandiki "niache kusengenya". Naandika: "Asiyekuwepo akitajwa kwa ubaya, nitauliza kama ameambiwa mwenyewe, usiku nitamwombea kwa jina." Sentensi hiyo inasema lini, nifanye nini, kwa ajili ya nani. Kwa hasira: "Ujumbe ulioniudhi nitaujibu baada ya nusu saa, nikianza na swali." Ikizidi mistari miwili, ujue umeingiza maazimio mawili. Chukua moja tu, kwa wiki nne.

Namna ya kujipima nimeiazima kwa Ignasi wa Loyola, padre wa karne ya 16 aliyeanzisha shirika la Wajesuiti: asubuhi unakumbuka azimio, baada ya chakula cha mchana na cha jioni unajihoji, na kila ulipoanguka unatia nukta kwenye mstari wa siku hiyo. Asubuhi dakika moja yatosha, mchana mbili, usiku tano. Anayeruka mchana hugundua usiku kwamba siku nzima imeshapotea. Wiki ya pili nukta huongezeka, na ndipo watu hukata tamaa. Mara nyingi hawajarudi nyuma. Wameanza kuona walichokuwa hawakioni. Kando ya kila nukta andika neno moja la kilichotangulia: njaa, uchovu, kundi fulani. Likijirudia mara tatu, rekebisha hilo kwanza. Eliya alipoomba afe, malaika alimpa mkate, maji na nafasi ya kulala kabla hajaambiwa lolote zaidi.

Usomaji napunguza. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, hivyo kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu au nne kila siku, na haraka hiyo haisaidii kazi hii. Waraka wa Yakobo una aya 108: nne kwa siku, siku 27. Unaisha pamoja na azimio.

Sehemu ngumu ni kutengeneza ulipoharibu. Mathayo 5:23-24 inataka sadaka iachwe madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako. Maneno yawe machache: "Nilisema hivi juu yako. Nilikosa. Naomba unisamehe." Ukianza na "kama nilikukwaza", umeshamrudishia mwenzako kosa. Waliosikia usengenyaji nao warudie uwaambie ulikosa. Binafsi sijui dawa nyingine inayoutuliza ulimi upesi hivyo. Kama ni mali, rudisha kabla ya kuomba radhi. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne.

Kisha tafuta mtu mmoja wa kukuuliza kila wiki, kwa roho ya Yakobo 5:16, ya kuungamiana dhambi. Awe msiri, wa jinsia yako, na mwenye ujasiri wa kukuuliza tena ukikwepa. Swali ni hili: nukta ngapi, na umekwenda kwa nani? Kundi kubwa la maombi halifai hapa, kwani mbele ya watu kumi toba hugeuka ushuhuda.

Hatari ya mpango huu ni kuanza kuzipenda hesabu. Farisayo wa Luka 18 naye alijua idadi ya siku zake za kufunga. Ndiyo maana wiki nne zikiisha nachana ukurasa wenye nukta, hata ukiwa safi, nabakiza tu majina ya watu ambao bado sijawaendea.