Ngogwe za Baba Mkwe

Jana kitinda mimba wangu alisukuma sahani. "Mama, mbona ngogwe za kwetu chungu, na za kina Brayo hazina uchungu?" Baba yake alicheka mpaka tonge likampalia. Mimi nikamwambia ale. Ngogwe ndizo wengine huziita nyanya chungu.

Uchungu huo nilianza kuujua msimu wangu wa kwanza ukweni, Usa River, Arusha. Mama mkwe aliniita asubuhi umande haujakauka, tukaenda nyuma ya jiko penye matuta yake. Nilibeba kapu, nikijua tunachuma mboga. Akaniambia niliweke chini.

Alianza na mche wa mwisho, karibu na mfereji. Alichuma ngogwe moja, bado nyeupe, akaifuta kwenye kanga, akaing'ata mbichi. Alitafuna polepole amefumba macho, kisha akatema pembeni. Akanipa nusu iliyobaki. "Onja." Nikaonja. Chungu. Mche wa pili, vilevile. "Hii maji matupu," akasema, na mimi nilishaanza kufa ganzi ulimi, sioni tofauti yoyote. Tukaenda hivyo tuta zima, yeye anang'ata na kutema, mimi nameza kwa adabu kwa sababu sikujua kama mkwe anaruhusiwa kutema.

Akafika kwenye mche mmoja mfupi, wenye matunda madogo yasiyo na mvuto wowote. Akang'ata. Uso ukamkunjamana, halafu akatabasamu kama aliyekutana na mtu anayemfahamu. Alichomoa uzi kwenye pindo la kanga, akaufunga kwenye tawi.

"Huu usiguswe mpaka yaive mekundu."

"Mama, mbona ule pale ndio uliozaa sana?"

"Ule wa sokoni. Huu wa baba yenu."

Baba mkwe sikumkuta hai. Wanasema ngogwe isiyokwaruza koo alikuwa anairudisha jikoni.

Yaliyofuata ni kazi ya kawaida tu: matunda yakaiva mpaka yakalegea, tukayapondaponda ndani ya maji, mbegu zilizoelea tukazimwaga, zilizozama tukazianika kivulini kwenye ungo, kisha kwenye chupa pamoja na majivu. Mama mkwe hakuwa mtu wa kushikilia ya zamani, msimfikirie hivyo. Mbegu ya nyanya alinunua dukani, na aliisifia sana Tanya, ile iliyotoka kwenye kituo cha utafiti pale pale Tengeru mwaka 1997, kwa kuwa ganda lake gumu linafika gulioni Jumatano bila kupasuka. Mchicha alichukua wowote. Ni ngogwe tu.

Alipofariki, chupa ikaja kwangu, na hakuna aliyeuliza kama naitaka. Kila msimu nang'ata, natema (siku hizi natema), nafunga uzi. Mume wangu, Baba Neema, mwenyewe hazipendi, anakula kwa heshima. Watoto ndiyo hao. Kwa hiyo nyumba nzima tunakula uchungu aliochaguliwa mtu ambaye wengi wetu hatukuwahi kumwona.

Na tangu msimu uliopita jirani anapanda DB3, aina ya ngogwe nyeupe isiyo na uchungu, upande wa pili wa ua. Ngogwe hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini nyuki wakipita huchanganya. Msimu huu miche yangu miwili imeonekana mipole. Inaweza kuwa nyuki. Inaweza pia kuwa ulimi wangu, maana Mama hakuwahi kunieleza ni uchungu kiasi gani hasa, alinionjesha tu. Baba Neema anasema nifunge uzi kwenye huo mpole, yaishe. Bado sijafunga popote.

Juzi mama mmoja wa mtaa wa chini alikuja kuomba mbegu. Nikamwonya mapema kwamba za kwangu zina uchungu hasa. Akasema ndizo anazozitafuta, hizi za sasa mume wake anadai anakula tango.