"Kiwewe? Mimi?"

Siku ya tano leo na sauti yake bado haijanitoka masikioni. Mama hajawahi kunikatia simu. Hata mwaka ule wa ugomvi wa harusi, alisubiri kwanza niage.

Ilikuwa hivi. Jumapili mama kagongwa na bodaboda pale njia panda, akitoka kanisani. Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Wamempiga picha, wamemfunga bega, wamempa dawa za maumivu na karatasi. Stefano akaipiga picha ile karatasi na kunitumia WhatsApp, maana katika familia hii mimi ndiye mtu wa lugha, utadhani mwandiko wa madaktari nao ni lugha niliyoisomea. Nikaikuza mpaka herufi zikawa vumbi. Neno lililosomeka ni moja tu: trauma.

Sasa, Jumatatu nilikuwa na siku ya tisa ndani ya kijitabu cha ushauri nasaha ninachokitafsiri. Trauma ukurasa wa kwanza, trauma ukurasa wa pili, trauma ya mtoto, trauma ya mkimbizi, trauma ya askari. Mhariri alishatoa amri: kila penye trauma weka kiwewe, tusonge mbele. Mkono ukazoea. Mama alipopiga na kuuliza, "Hebu nisomee, mwanangu, wameandika nina nini?", mdomo ukaitangulia akili.

"Wameandika una kiwewe, mama."

"Kiwewe? Mimi?"

"Ndivyo walivyo..."

"Kiwewe alikuwa nacho Mzee Debe. Mimi nimeumia bega. Sijachanganyikiwa."

Kuku wakalia kwa nyuma, uani kwa mama mdogo, kisha simu ikakatika. Yaani ikakatwa.

Tangu hapo nimeirudia dakika ile kwenye daladala, nikikuna nazi, nikijifanya nasikiliza kikao. Kila mara naijibu upya. La, mama, nilitaka kusema jeraha. La, mama, ni neno la kidaktari tu. La, mama, Mzee Debe alikuwa akizigongea debe treni, wewe hugongi kitu. (Hili la mwisho heri sikulisema.) Wiki ambayo Nuru kachaguliwa kidato cha kwanza na Baba Nuru karipoti kazini Dodoma, mimi nimeimaliza nikibishana na simu iliyokatwa.

Kinachonikera ni kwamba mama alikuwa sahihi, na anayelipwa kwa maneno ni mimi. Daktari yule aliandika neno kwa maana yake kongwe. Kwa Kigiriki trauma ni jeraha, basi. Ngozi imepasuka, damu imetoka, leta kitambaa. Wakiwa wengi ni traumata. Madaktari wa mifupa hawajawahi kuondoka hapo. Ukiwasikia wanataja trauma ujue wanazungumzia ajali, na kwa nchi hii karibu ni kusema bodaboda. Kulitoa begani na kulipeleka kichwani ni kazi ya watu wengine.

Na watu hao walianzia relini, jambo ambalo sisi tuliokulia Muheza, kando ya reli ya Tanga, tunapaswa kulielewa haraka. Mwaka 1866 daktari wa upasuaji wa London, John Eric Erichsen, alitoa kitabu juu ya abiria wa ajali za treni. Mtu anatoka kwenye behewa akitembea, hana hata mchubuko, anajipangusa vumbi, anakwenda kwake. Kisha usingizi unamkimbia. Mikono inatetemeka. Hawezi kazi. Erichsen alidhani ni uti wa mgongo uliotikiswa. Mwaka 1889 Hermann Oppenheim wa Berlin akalibandika neno lile la jeraha kwenye maradhi ya neva ya watu wa namna hiyo, wa reli na wa viwandani. Baadaye kina Freud, yule daktari wa nafsi wa Vienna, wakalisogeza ndani zaidi, wakasema hata kumbukumbu inaweza kuwa ndiyo jeraha lenyewe. Naruka mengi hapa, maana ndani yake kuna vita vikuu viwili na vya Vietnam juu yake. Wataalamu wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi ugonjwa huu kwenye mwongozo wao mwaka 1980, askari wao waliorudi kutoka Vietnam wakiwa wameshapiga kelele vya kutosha.

Haya yote niliyasoma Jumatano usiku badala ya kulala. Nilikuwa najitetea. Nilitaka nipate mahali ambapo mama amekosea.

Nikaishia kucheka peke yangu. Kijerumani kina Traum, ndoto, na kina Trauma, jeraha, na hayana undugu wowote. Irabu moja tu ndiyo inayomtenga mlalaji na majeruhi. Wajapani nao walilichukua wakalitamka torauma. Sasa kwao tora ni chui milia na uma ni farasi, kwa hiyo wako wanaoliandika kwa utani kwa herufi za wanyama hao wawili, kama vile mtu kakanyagwa na bustani nzima ya wanyama. Vijana wao hulitumia hata kwa aibu ndogo za shuleni. Tusiwacheke. Binti wa ofisini kwetu ana trauma ya mwanamume aliyesoma ujumbe wake na asijibu.

Ila Wajapani hao hao, wakitaka kusema kwa maneno yao, husema jeraha la moyo. Nililiona hilo nikafunga kompyuta.

Alhamisi nikapiga mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kavu.

Nilikuwa nimejiandaa, na nilijua mlango wa kupitia. Nikamwambia, lile neno la daktari limo kwenye Biblia. Katika Agano Jipya lote la Kigiriki limo mara moja tu, Luka 10:34, kwa yule Msamaria.

"'Akamfunga jeraha zake,'" mama akasema, hata sijamaliza.

"Ndilo hilo."

"Akizitia mafuta na divai."

"Ndilo hilo, mama."

"Sasa si jeraha hizo? Tangu nikiwa mtoto nalisikia. Kiwewe umekitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi. Akasema, "Uliniumiza, mwanangu. Lakini yameisha. Ila kitabu cha watu usikiandike hivyo."

Uliniumiza. Jumapili alikuwa ameumia bega, Jumatatu mimi nikamuumiza, na kitenzi ni kile kile, wala hakupepesa. Wagiriki ilibidi wasubiri treni.

Nilikaa na furaha ile kama dakika mbili. Kisha mama mdogo akachukua simu, nikamsikia anatoka nayo uani, kuku tena, halafu akashusha sauti. Mama havuki barabara. Dukani anatuma mtoto. Jana bodaboda imepiga honi nje tu, wala si karibu, kadondosha sufuria ya maharage yote. Usiku anashtuka anasema taa, taa. "Bega linapona vizuri," mama mdogo akamalizia, kana kwamba hilo ndilo nililouliza.

Kwa hiyo nilikosea karatasi, sikumkosea mtu. Hilo haliniletei raha yoyote. Kile kichekesho cha Traum na Trauma nilitaka kumsimulia Baba Nuru usiku ule; sikukisimulia.

Na bado nasema kiwewe siyo. Kiwewe ni cha pale pale. Mtu hushikwa na kiwewe nyumba inapowaka, anakimbilia kuokoa ufagio anaacha mtoto. Kinashika, kinaachia. Pale njia panda pengine mama alikuwa nacho, kwa nusu dakika. Mshtuko nao ni hivyo hivyo. Hili la sufuria ya maharage ni kitu kilichobaki ndani baada ya kiwewe kuondoka, na mhariri anataka nilipe jina la mgeni aliyekwisha kwenda. Jeraha angalau hukaa. Hufunga juu, huchimba chini, likichelewa likawa donda ndugu.

Nimemkumbuka yule mkalimani wa Kinyarwanda niliyepanga naye nyumba moja Sakina, enzi ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda bado iko Arusha. Jioni moja nilimuuliza kwao wanasemaje. Akasema ihahamuka. Ndani yake mna mapafu, akagonga kifua chake. Mtu anakuwa kama hana mapafu, pumzi inakosa pa kukaa. Alisema kila Aprili, kumbukumbu za mauaji yale zinapoanza tarehe 7, utawasikia watu uwanjani wakipiga kelele kama vile jambo linatokea sasa hivi. Watu wa ofisini, akasema, hupenda zaidi ihungabana, kuyumba kwa kitu kilichokuwa kimesimama. Yeye alilipenda la mapafu. Sikumuuliza ni kwa nini, na nilikuwa mdogo, lakini si mdogo kiasi cha kutojua kwamba nisiulize.

Nimemwandikia mhariri leo asubuhi. Jeraha la moyo, au jeraha la nafsi kama moyo utawachanganya na wa presha. Kajibu kwamba mteja ameshazoea kiwewe na jalada limeshachapwa. Nimemwomba basi anipe sentensi mbili ukurasa wa ndani. Hajajibu.

Jumamosi nakwenda Muheza. Nitamvusha ile barabara mwenyewe, nimeshika ule mkono usio na kitambaa, na kama atakataa tutakaa upande wa huku tununue machungwa. Sijui kama hivyo ndivyo inavyofanywa. Kijitabu kinasema usimlazimishe mtu. Nimekitafsiri mwenyewe.

Nauli ipo. Kisichokuwepo ni ya godoro. Fomu ya shule ya Nuru inasema futi mbili na nusu, mimi nimenunua la futi tatu, na muuza duka anasema likishachanwa nailoni halirudi. Nailoni aliichana Nuru, jana, kwa furaha. Shule zinafunguliwa Jumatatu.