Reli zilikuwa zinauza mahali, sio treni

Hebu mtafute stori ya Jay Cooke. Huyu ndo yule mwenye benki aliyewauzia wananchi wa Marekani bondi (hati za kuikopesha hela) za serikali ya rais Lincoln, za kugharamia vita vya wenyewe kwa wenyewe, sasa vita vilipoisha akakabidhiwa kazi ya kuitafutia hela reli ya Northern Pacific, itoke Lake Superior ifike mpaka pwani ya Pasifiki. Kampuni haikupewa pesa taslimu, ilipewa ardhi, ekari mamilioni kwa mamilioni kando ya njia, na ardhi isiyo na watu haiuziki wala treni haipati mzigo wa kubeba. Kwa hiyo kazi yenyewe ikawa kutangaza mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapataka.

Na mahali penyewe ni Minnesota na Dakota, kaskazini mwa Marekani, baridi mpaka mito inaganda! Cooke akamwaga hela magazetini, vipeperushi vikagawiwa, kuna na ramani za hali ya hewa zilizopinda mpaka kule kukaonekana kuna joto zuri tu, watu wakacheka wakapaita Ukanda wa Ndizi wa Jay Cooke, jina likaganda. Mwaka 1873 kimji kinachoitwa Edwinton kikabadilishwa jina kikawa Bismarck, jina la kansela wa Ujerumani, ili Wajerumani wavutike walete mitaji na watu, na leo ndo makao makuu ya North Dakota. Hapo nawavulia kofia kabisa, gharama yake si karibu na sifuri? Ila bondi za reli hazikununuliwa vya kutosha, 18 Septemba mwaka huohuo benki ya Cooke ikafunga milango, soko la hisa la New York nalo likafungwa siku 10.

Wauza viwanja nao walijifunza. Carl Fisher, aliyekuwa anauza viwanja Miami Beach, Florida, mwaka 1921 alimleta tembo, Rosie, ambebee Warren Harding vifaa vya gofu, Harding akiwa rais mteule, picha zikaenda magazetini bure.

Halafu kuna Ivy Lee, mtu wa kushughulikia habari za makampuni, huyu wa aina nyingine. Oktoba 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kwenye daraja karibu na Atlantic City, watu 53 wakafa. Kampuni za reli zilizoea kuficha ajali, yeye akawaandikia waandishi taarifa na kuwapeleka eneo la tukio. Wengi wanamuita baba wa PR, yaani uhusiano na umma, sawa, ila mi kura yangu bado iko kwa aliyeubatiza mji Bismarck.