"Analala vizuri": siku moja katika kliniki ya afya ya akili

Saa moja na nusu asubuhi benchi la kliniki yetu, mkoani Tanga, huwa limekwisha kujaa, na kufikia saa tatu nimepima presha na uzito, nimechoma sindano za mwezi na kugawa vidonge, kazi ambayo wapita njia huidhani ndiyo kazi yote.

Saa nne aliingia mama anayekaanga maandazi stendi, mtumiaji wa klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, kwa miaka 6, akisindikizwa na kaka yake. Kila nilipomuuliza mgonjwa, kaka ndiye aliyejibu. "Sista, huyu ni mvivu tu. Zamani saa kumi alfajiri unga umeshaumuka. Siku hizi jua linamkuta kitandani." Nilimwomba atupishe, akakataa, akanihesabia nauli aliyotumia, nusu saa ikayeyuka huku foleni ikinung'unika, mpaka simu yake ilipoita, akatoka.

Mama akasema polepole: "Sista, mimi silali, ninazimika. Na nikiamka sina furaha wala huzuni. Mama yangu alipozikwa nilijifuta macho makavu, watu wasije wakanisema." Kisha akafungua fundo la kanga: vidonge vya wiki mbili, alivyoacha kumeza.

Sikumkemea. Nilimweleza kwamba dawa hii, pamoja na kunyamazisha sauti anazozisikia, huzuia histamini, kemikali inayouweka ubongo macho, na usingizi mzito unaoletwa na dawa huweza kumfuata mtu hadi asubuhi. Kuna wenzake wanaotumia haloperidoli, dawa nyingine ya kutuliza sauti hizo, ambao hulalamikia kinyume chake, miguu isiyotulia inayowatembeza chumbani usiku. Kuhusu moyo uliokufa ganzi, huenda ni dawa, huenda ni ugonjwa wenyewe, au sonona, na kuvitenganisha si kazi ya dakika tano. Kuacha ghafla kungeweza kumrudishia zile sauti na kumnyima usingizi kabisa. Daktari alipunguza dozi kidogo, akamwelekeza ameze saa moja jioni badala ya saa nne usiku.

Waliofuata niliwahudumia kwa haraka niliyoionea haya, na chakula cha mchana sikukiona.

Jioni, nikipanga mafaili, nilifungua lake. Mwezi baada ya mwezi, pale penye usingizi, pameandikwa "analala vizuri", na mara nyingi mwandiko ni wangu.