Mkono Unaotokea Chini

Jana jioni binti yangu aliniuliza swali nisilolitarajia. Tulikuwa uani na kile kijibwa alicholetewa na babake. Nikakinyooshea mkono, kikanusa, nikakikuna kidevu. "Mama, mbona mkono wako kila mara unatokea chini? Sisi sote twampapasa kichwani." Nikamjibu ni ili mbwa auone mkono unavyomjia. Sikumdanganya. Lakini usingizi haukuja upesi, nililala nikimuwaza Kashata.

Kashata aliingia nyumbani kwetu Mikindani mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zilipokuwa hazijui mchana wala usiku. Maji yalikuwa yamejaa chini ya kibanda cha mbao alimozaliwa, na kulipokucha alibaki yeye peke yake, wa wiki tano hivi, rangi yake ile ya kashata iliyokolea sukari. Mama hakutaka mbwa. Alimtazama akitetemeka ndani ya leso kuukuu, akanyamaza, tukajua amekubali.

Watu huogopa meno ya mbwa mkubwa. Aliyefuga anajua kwamba meno ya utotoni ndiyo makali: 28, membamba kama sindano. Kashata aliuma vidole, visigino, pindo za leso, chochote kinachosogea. Na kila aliyepita alitoa ushauri ule ule, "Mpige mdomoni ataacha." Nilikuwa na miaka 10. Nikampiga. Kila alipouma nilimzaba kofi la pua, naye kila nilipomzaba aliurukia mkono ule ule kwa nguvu zaidi, hata siku moja akanitoboa kifundo cha mkono, damu ikatiririka. Mama alinikalisha kwenye kizingiti, akanimiminia mtungi mzima wa lita 20, maji ya kununua, huku akisugua kwa sabuni ya mche mpaka nikadhani ngozi itatoka. Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa, naye alilijua hilo. Kesho yake nikaanza sindano.

Jioni ile kabla ya kulala nilivua kandambili nikamfuata Kashata chini ya meza.

Aliyenizuia ni Bibi wa nyumba ya pili. Yeye hakumgusa mbwa hata siku moja, maana kwake mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Alisimama mlangoni, leso ameishika kifuani. "Wampigia nini kiumbe wa Mungu? Amekuja duniani juzi." Nikaishusha kandambili. Lakini nilikuwa nimeshampiga mara mbili.

Jumapili akaja Mjomba, aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye maghala ya Shimanzi na aliyeishi na mbwa kuliko alivyoishi na watu. Shikamoo, marahaba, akaketi barazani, akautazama mkono wangu uliofungwa, kisha akamtazama Kashata. "Huyu alitolewa kwa ndugu zake mapema," akasema. "Watoto wa mbwa hufunzana wenyewe. Mmoja akiuma sana, mwenzake hulia na kuacha mchezo. Huyu hana wa kumlilia. Basi utamlilia wewe."

"Nilie vipi, Mjomba?"

"Kama uliyeumia. Kisha mpe mgongo."

Matone ya mvua yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati. Nikampa mkono mzima. Akauma. Nikapiga kelele, "Ai!" nikasimama, nikaugeukia ukuta. Nyuma yangu kukawa kimya. Nilihesabu matone hadi 20, nikaketi tena. Akauma. "Ai!" Ukuta. Mjomba alikuwa amefunga mafundo kwenye kipande cha leso kilicholoweshwa maji, na kila nilipoketi alinipa nimpe Kashata atafune hicho badala ya ngozi yangu.

Mara ya sita au ya saba, Kashata aliuchukua mkono wangu kinywani na hakufunga taya. Nakumbuka joto la kinywa chake. Nakumbuka zile ncha zikiwa zimegusa ngozi tu, kama mtu anayejaribu uzi kabla ya kuukata, na ulimi ukitetemeka katikati. Macho yake yalikuwa usoni mwangu. Akaachia. Akaniramba pale pale nilipokuwa nimefungwa kitambaa.

Furaha ikanijaa, nikainua mkono nimpapase kichwani.

Akalala chini kifudifudi. Masikio yamebanwa, macho yamefumbwa kabisa, akingoja kofi. Mkono wangu ukabaki hewani. Mjomba aliona yote. Alikunja kile kipande cha leso taratibu, akasema, "Hilo la pili litachukua muda."

La kuuma lilikwisha haraka. Mjomba aliiamuru nyumba nzima ifuate mtindo mmoja, hata kaka zangu waliopenda kumchokoza, na akatuambia kwamba ile vurugu yake ya saa za magharibi si ukorofi, ni usingizi, kama mtoto mchanga. Kweli, tukimlaza mapema alitulia. Baada ya miezi michache nikaokota jino lake kwenye mkeka, dogo kama chembe ya mchele, tupu ndani. Kufikia hapo alikuwa akiushika mkono wangu kwa ulaini ambao singeweza kuuelezea. Hakumuuma mtu tena maishani mwake.

Lile la pili ndilo lililobaki. Mkono ukitokea juu, Kashata alilala chini na kufumba macho. Nikajifunza kuutoa chini, mpaka nikasahau kwamba nilijifunza.

Aliishi miaka 13. Mwishoni macho yake yaliingia ukungu, akawa anashinda chini ya mwembe akisikiliza tu. Siku moja nilitoka kazini, nikainama, nikamwekea mkono kichwani kutoka juu kabla sijafikiri. Hakujikunyata. Alishusha pumzi, akauegemea mkono wangu. Nimeifikiria siku ile mara nyingi. Sijui kama alikuwa amenisamehe, au hakuuona mkono ukija.