Chupa ilinidanganya, kiriba kikaniambia ukweli

Hapa Uvinza, mkoani Kigoma, chumvi ina umri mkubwa kuliko reli. Chemchemi za maji chumvi ziko kando ya mto Ruchugi, karibu na pale unapoungana na Malagarasi, na watu wameyachemsha maji hayo kwa kuni kwa zaidi ya miaka 1,000. Kuni zenyewe zilitoka miomboni. Baba mkwe alinigawia kipande cha robo eka mahali ambapo zamani maji yale yalimwagwa ovyo. Kiangazi udongo unatoa ukoko mweupe, na mahindi yakifika magotini ncha zinaungua. Nilitaka kuni ziote hapohapo, miombo ipumzike.

Nikachagua mkaratusi, Eucalyptus camaldulensis, unaovumilia chumvi kuliko ndugu zake wengi. Shida ni kwamba mbegu za mti mmoja hazifanani: mche huu unavumilia, wa jirani yake unakufa. Ukishampata mvumilivu, mbegu zake hazitakupa nakala yake. Uoteshaji wa tishu, yaani kukuza vipande vidogo vya mmea ndani ya chupa safi, unaweza, kwa sababu kila kipande chenye jicho kinazaa mti uleule.

Nilianza chumbani na sufuria ya presha, mizani ndogo, karatasi za kupimia asidi na kasha la plastiki lenye matundu mawili ya kupitishia mikono. Chakula cha mimea nilikitengeneza kwa fomula ya wanasayansi Murashige na Skoog ya mwaka 1962, kwa nusu ya kipimo cha madini yake, sukari gramu 30 kwa lita, aga ya kugandishia, asidi (pH) kwenye 5.8. Mbegu niliziosha kwa jiki. Chupa za kwanza zilikuwa 40. Ndani ya wiki moja, 31 zilishaota ukungu, mwingine mweusi, mwingine kama pamba. Niliumia sana. Kosa lilikuwa la dakika: nilihesabu tangu nilipowasha jiko, badala ya kusubiri presha ipande kabisa ndipo nihesabu 20. Na spiriti niliipaka kali kama ilivyotoka dukani. Ikichanganywa na maji mpaka asilimia 70 inaua vizuri zaidi, kwa kuwa kale kamaji kanaisaidia kupenya kwenye vijidudu.

Chupa zilipotulia nikatia chumvi: nyingine bila chumvi, nyingine gramu 3 kwa lita, nyingine gramu 6. Bahari ina kama 35, kwa hiyo nilikuwa naanza polepole. Kwenye gramu 6 mbegu nyingi zilikaa kimya, chache zikatoa majani mawili. Hizo ndizo nilizozitaka. Nilizikata vipande vyenye jicho, nikaviweka kwenye chakula chenye BAP, homoni ya kuchochea machipukizi. Mwanzoni nilizidisha, machipukizi yakatoka manene, yanang'aa kama kioo, ukiyabana yanatoa maji. Hayo hayafai kitu. Niliposhusha hadi nusu miligramu kwa lita yalirudi kuwa majani ya kweli, kijani cha kawaida. Kuotesha mizizi kulikwenda vizuri.

Nikajua nimemaliza. Nikahamishia miche 64 kwenye viriba, vifuko vya plastiki vyenye udongo, nikaizoesha wiki tatu chini ya plastiki, nikifungua kidogo zaidi kila siku, kisha nikainywesha maji ya gramu 3, nusu tu ya yale iliyoyavumilia kwenye chupa. Siku ya tano majani yalianza kuungua pembeni. Wiki ya pili nusu ilikuwa imekufa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndani ya chupa hewa imejaa unyevu, mche hautoi jasho, basi hauvuti maji mengi, na chumvi haipandi majanini. Tena unalishwa sukari. Kwenye kiriba jua na upepo vinauvuta maji, na kila tone linabeba chumvi yake. Mche uliopona chupani ulikuwa haujajaribiwa bado.

Iliyobaki niliinywesha maji matamu mpaka ikatoa majani mapya ya nje, magumu. Kisha gramu 1 kwa lita, wiki mbili. Gramu 2, wiki mbili. Na kila Jumapili maji matamu mengi yapite mpaka chini ya kiriba, yaondoe chumvi iliyojikusanya. Baba mkwe aliniuliza, "Mwanangu, mti unaufundisha kula chumvi kama mbuzi?" Nikamwambia, "Ndiyo baba, ila kidogokidogo." Miche 23 ilifika gramu 4 bila kudondosha majani.

Niliipanda mvua za Novemba, mbali na Ruchugi kupita zile mita 60 za sheria, maana mkaratusi haufai kukaa kwenye kingo za maji. Chini ya kila mche nilitandaza nyasi, kwa sababu udongo ulio wazi jua linapandisha chumvi juu. Leo 19 ipo. Mingi inanifika mabegani. Mmoja, ule ulio pale penye ukoko mweupe zaidi, umenipita kichwa, na majani yake hayajaungua hata ncha.

Jumamosi nilikata kichipukizi chake, nikakiosha kwa jiki. Kiko chupani dirishani, siku ya nne, bado hakijaota ukungu.