Jimbo la zamani la Smethwick, na kura uliyonayo wewe

Ndugu zangu mlioko Birmingham na vitongoji vyake, mkipata nafasi piteni Marshall Street, Smethwick. Ni mtaa wa kawaida kabisa: nyumba za matofali zimeshikana ukuta kwa ukuta. Lakini kuna kibao cha buluu ukutani, na jina lililoandikwa hapo ni Malcolm X, mpigania haki za weusi wa Marekani.

Smethwick ilipata mbunge wake kuanzia 1918. Mwaka huohuo, wanawake walipogombea kwa mara ya kwanza, Christabel Pankhurst, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, alishindwa hapa kwa kura 775 tu. Baadaye Oswald Mosley aliliwakilisha jimbo hili kwa tiketi ya chama cha Labour, kabla hajaanzisha chama cha kifashisti 1932. Historia nzito, lakini iliyoumiza zaidi ni ya 1964.

Viwanda vya kusubu chuma vilikuwa vimewavuta Wapunjabi na watu wa Karibi. Mchana walishinda na joto la tanuri, jioni baa nyingine haziwataki. Nyumba hazikutosha, na lawama zote wakatupiwa wao. Peter Griffiths wa chama cha Conservative akagombea kwa hoja ya wageni, huku mitaani ikizagaa kaulimbiu kwamba anayetaka jirani mweusi aipigie Labour. Neno lenyewe walilotumia lilikuwa tusi, silirudii. Labour ilishinda nchi nzima Oktoba ile, lakini hapa Patrick Gordon Walker, msemaji wao wa mambo ya nje, aliangushwa kwa kura 1,774.

Kisha yakaja ya Marshall Street. Wakazi weupe waliiomba halmashauri inunue nyumba zinazouzwa mtaani, ipangishe weupe watupu. Halmashauri ikakubali! Serikali kuu ndiyo iliyokataa kutoa mkopo. Hebu fikiria unatafuta chumba cha wanao, na mpango wa kukuzuia umepitishwa ofisini kwa mihuri.

Chama cha wafanyakazi wa Kihindi kikamwalika Malcolm X, naye akautembea mtaa huo tarehe 12 Februari 1965. Siku tisa baadaye akauawa New York. Mimi kama Mtanzania inanigusa kwamba mwezi uleule wa uchaguzi wa Smethwick yeye alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere.

Mwaka 1966 Griffiths aling'olewa na Andrew Faulds, mwigizaji. Sheria ya kukataza ubaguzi kwenye nyumba na ajira ilifika 1968. Jimbo likafutwa 1974, jina likarudi kwenye uchaguzi wa 2024, na aliyeshinda ni Gurinder Singh Josan, Singasinga.

Nimeandika haya kwa sababu wengi wetu hatujui kwamba Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi hapa kihalali ana haki ya kupiga kura ya ubunge, hata bila uraia wa Uingereza, kwa kuwa nchi zetu ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Wenzetu wa Congo na Burundi bado hawana nafasi hiyo. Kujiandikisha ni bure, unafanya mtandaoni, uwe na namba yako ya bima ya taifa. Siku ya kura nenda na pasipoti yako ya nyumbani. Inakubalika kituoni kama kitambulisho.